Mama Asiyeweza Kuusingizia Mshono

Wanawake wa mtaa wetu hapa Kamina, mji wa reli, walikuwa na desturi moja walipokutana na Mama Monitrisi njiani: walijivuta nguo. Mmoja alisawazisha bega, mwingine alishusha pindo, mwingine alitupia kitenge mgongoni kufunika zipu iliyomshinda fundi. Mama hakuwa amewaambia neno. Aliwatazama tu, na macho yake hayakuanzia usoni kama ya watu wengine. Yalianzia kwenye mshono wa bega, yakashuka ubavuni mpaka chini, ndipo yakapanda kukuuliza habari za nyumbani. Nimesalimiwa hivyo miaka mingi, na mpaka leo mtu akinijia kwa haraka najikuta nimeshika kola.

Jina alikuwa nalo, ila hakuna aliyelitumia. Alikuwa monitrisi, yaani mwalimu wa kukata na kushona katika fwaye ya akina mama, chumba kirefu nyuma ya kanisa letu la Kimethodisti, chenye cherehani za miguu, meza moja ya kukatia na pasi za makaa. Wasichana walioacha shule, na wale walioachwa na shule, walipelekwa kwake. Mimi nilipelekwa wakati wa likizo, kwa sababu mama yangu, karani wa ofisi, aliamini kwamba msichana asiyejua kutia kifungo atakuja kumwaibisha mbele ya wakwe. Nilienda likizo moja, nikarudi ya pili, kisha nikawa naenda hata wakati wa masomo. Baadaye chuoni nilipochagua kuandika kazi yangu ya mwisho juu ya maadili katika biashara ya mavazi, kwamba nani anashona nguo za dunia hii, analipwaje, na nguo zinaishia wapi watu wakizichoka, sikuwa na mahali pengine pa kuanzia.

Kanisani alikaa mstari wa katikati, na mbele yake palikuwa na nafasi sikuzote. Akina mama hawakupenda kumpa mgongo. Walisema akiwa nyuma yako anasoma zipu yako tangu wimbo wa kwanza hadi baraka. Jumapili moja, wakati wa sala ndefu, watu wote wamefumba macho, aliinama akakata kwa meno uzi uliokuwa ukining'inia kwenye kola ya mke wa mchungaji. Mke wa mchungaji aliruka. Mama Monitrisi naye alifumba macho akaitikia amina kwa sauti kuliko wote.

Mafundisho yake yalianza kinyume. Msichana mpya hakupewa kitambaa wala mkasi. Alipewa koti kuukuu la mitumba na wembe, akaambiwa alifumue lote: mikono, kola, bitana, mpaka libaki vipande juu ya meza. Kisha alirudishe lilivyokuwa. Wengi walilia kwenye koti hilo. Wazazi nao walikuja kulalamika kwamba wamemleta mtoto ajifunze kushona, sasa anafundishwa kuharibu. Mama aliwajibu bila kuinua kichwa, kwa Kiswahili chetu cha hapa, kinachosema "njo" kwa "ndiyo" na "yenga" kwa "jenga".

"Mbele ya kuyenga nyumba, uone kwanza namna mwenzako aliyenga yake. Ule mutu wa ile koti hayuko apa kukufundisha. Kazi yake njo iko apa."

Jambo la pili lililomletea ugomvi ni nafasi aliyoiacha ndani ya mishono. Mafundi wa sokoni huacha ukingo mwembamba ili kitambaa kitoshe na masalio yawe yao. Yeye aliacha upana wa vidole viwili kila ubavu, na chini akakunja pindo kubwa. Wateja walipogeuza nguo na kuona kitambaa chao kimelala ndani bila kazi, walimwita mwizi asiyejua kuiba. Mama alicheka. Blauzi aliyomshonea msichana ilipanuliwa alipoolewa, ikapanuliwa tena alipopata mimba, ikapunguzwa alipougua, na mwishowe mdogo wake akaivaa. Msemo wake juu ya hilo tuliukariri sote.

"Muwili iko mugeni, nguo njo nyumba. Mugeni akinona, utamufukuza?"

Vipande vilivyobaki havikutupwa. Vilijazwa kwenye mifuko ya saruji iliyosimama ukutani, na kila Ijumaa wasichana walivichambua. Vikubwa vilikuwa mifuko ya nguo za watoto. Vya kati vilishonwa kata za kubebea mizigo kichwani, na vile vidogo kabisa, ambavyo hata panya angevidharau, vilishindiliwa ndani ya mito ya kukalia abiria wa baiskeli. Waendesha baiskeli wengi wa stesheni wakati ule walibeba watu juu ya masalio ya harusi na ya matanga, wala hawakujua.

Mtu akisoma hadi hapa anaweza kudhani namchora mtakatifu wa sindano. Sivyo. Mama Monitrisi alikuwa mkali kupita kiasi. Alipiga vidole kwa rula ya mbao, na msichana aliyekosea kola mara mbili aliketishwa mlangoni na koti lake la kufumua ili wapita njia wamwone. Aliwasema vibaya mafundi wanaume wote wa Kamina, hai na marehemu. Mitumba aliilaani kila asubuhi, akisema imewaua washonaji kuliko malaria, na mwezi wa sita baridi ikishika alitoka na koti zuri la sufu la rangi ya maziwa lililotoka kwenye robota la mitumba hiyohiyo. Nilipomuuliza, alisema adui akikuletea blanketi wakati wa baridi, kwanza unajifunika, ugomvi mtaendelea nao kesho.

Alipenda pia vitenge vipya, na alivipenda kwa uchoyo. Chini ya kitanda chake kulikuwa na sanduku la bati limejaa vitenge vya waksi ambavyo havijawahi kuguswa na mkasi. Kila sikukuu ya akina mama mwezi wa tatu alinunua kingine, kisha akavaa cha zamani. Mimi, chuo kikiwa kimeanza kunipanda kichwani, nilimwambia kwamba kununua bila kuvaa ndiko kunakoiharibu dunia. Alinitazama kama mtu anayetazama mshono uliopinda.

"Banaume ya reli bako na pansyo yabo, feza ya uzee. Minyi pansyo yangu njo iyi. Weye kwanza uzeeke, njo utanifundisha."

Halafu kulikuwa na uongo. Mama alikuwa mwongo, na hili nalisema kwa sababu bila kulijua msomaji hataelewa yaliyotokea baadaye. Alidanganya kama mafundi wote wanavyodanganya: juu ya siku. "Nguo yako iko tayari, inabakia kifungo tu," alimwambia mteja, na kitambaa cha mteja huyo bado kimekunjwa vilevile kilivyotoka dukani. "Kuya kesho." Na kesho akasema kesho. Alidanganya pia juu ya umri wake na juu ya afya yake. Mara moja mbele yangu alimwapia bibi harusi kwamba gauni lake limekwisha kupigwa pasi, wakati mimi nilikuwa nimeketi juu ya gauni hilo nikitia mkono wa kushoto. Hakuona haya hata kidogo. Lakini mshono alikuwa hawezi kuusingizia. Ukimwonyesha nguo na kumuuliza imeshonwaje, alisema ilivyo, iwe ya rafiki, iwe ya adui, iwe ya kwake mwenyewe. Tulimwona akifumua kazi aliyokwisha kulipwa, mteja akiwa ameridhika na amevaa, kwa sababu tu aligeuza pindo akakuta amekosea.

Nilipoanza utafiti wangu nilimletea simu. Nilimwambia naandika juu ya mavazi ya kudumu, yasiyoharibu dunia wala kumwonea mshonaji.

"Kumbe kuko na manguo ya kutodumu?" akauliza. "Nani anashonaka ile?"

Nikamwonyesha. Ilikuwa picha ya video ya kiwanda cha nchi ya mbali, ukumbi usio na mwisho, wanawake wamepangwa kwa mistari, vichwa vimeinama, na sauti ya mashine kama mvua ya mawe juu ya bati. Wasichana wa fwaye walijazana nyuma yetu. Mama aliisogeza simu karibu na miwani.

"Ule wa foulard ya kijani mu kichwa, anashona nini?"

"Mukono, Mama. Mukono ya kushoto tu. Muchana muzima."

"Na ya kuume?"

"Iko mwengine wa kuishona."

"Na shati yenyewe anaiona wapi?"

"Haioni. Inaendaka kwa bengine, kisha inapanda mashua, inaenda."

Aliiweka simu juu ya meza ya kukatia. Kisha akasema, kwa sauti ya chini ambayo hakuitumia darasani, "Basi hata siku moya hatasema: iyi shati, ni minyi nilishona."

Nilimwonyesha pia milima ya nguo zilizotupwa jangwani, nyingine zikiwa bado na vibandiko vya bei. Hiyo haikumsikitisha hata kidogo. Ilimtia tamaa. Aliuliza kama ni mbali, nikamwambia ni mbali sana, akasema ni bahati mbaya, angeenda na gunia. Wasichana walicheka mpaka mashine zikasimama. Lakini tangu siku ile aliniuliza mara kwa mara habari za yule mwanamke wa kitambaa cha kijani, kana kwamba simu yangu ilikuwa dirisha la jirani. Amepona kikohozi? Amepewa mapumziko? Nilimwambia video ni ileile, haibadiliki. Alisema niangalie tena.

Sasa nifike kwenye sare. Kila mwaka kabla ya shule kufunguliwa, fwaye ilipewa kazi ya kushona sare za shule ya kanisa, shati nyeupe na sketi au suruali ya buluu. Kazi hiyo moja ilinunua uzi, mafuta ya mashine na makaa, na ilimpa Mama kitu cha mkononi. Nguo za harusi na viraka vya majirani havikutosha hata kwa sindano. Fwaye ilisimama kwa mguu huo mmoja. Wasichana walijua, kanisa lilijua, na mama zetu walijua.

Mwaka niliokuwa naandika kazi yangu, alikuja mfanyabiashara mmoja mwanamke aliyekuwa akileta bidhaa kutoka Lubumbashi. Sisi tulimwita Mama Komersa. Alikuja na shati za kiwandani, zimekunjwa ndani ya nailoni zenye karatasi ngumu kwenye kola, na bei yake ilikuwa chini ya ile ya fwaye. Komite ya wazazi ikaitisha kikao ili ichague.

Nilijitayarisha kwa kikao kile kuliko nilivyojitayarisha kwa mtihani wowote. Nilikuwa na hoja zangu zote. Kitambaa kile kina plastiki ndani yake, watoto watatoka jasho. Hela itatoka Kamina isirudi. Hakuna ajuaye walioshona shati hizo wanaishi vipi. Wasichana wetu watakaa bila kazi. Nilimsomea Mama hoja hizo moja moja akiwa anatia uzi kwenye bobini, naye akasema "eyo", yaani ndiyo, kwa kila moja. Nilimwomba azungumze juu ya kitambaa tu, basi, mengine nitayasema mimi. Akasema eyo.

Kikao kilifanyika darasani, wazazi wamebanana kwenye madawati ya watoto wao. Presida, yaani mwenyekiti wa komite, alikuwa mzee mstaafu wa reli, mtu wa haki aliyependa mambo mafupi. Nilisimama nikaanza hoja ya kwanza. Nilikuwa sijamaliza ya pili aliponipungia mkono.

"Mademoiselle, wafwako, asante. Masomo yako iko mingi. Minyi siyui mambo ya inchi ya mbali. Shiye tuko na mutu anayua nguo, njo ule pale. Mama Monitrisi, kamata iyi shati. Utuambiye: banaishona muzuri ao mubaya?"

Watu wakaguna. Hili ni kosa ambalo nadhani lingefanyika Kamina tu: kumwomba mtu ahukumu chakula kitakachomwondolea chake. Lakini kwao halikuwa kosa. Kwa mambo ya nguo walikuwa wamemwamini yeye tangu zamani, na hawakuona sababu ya kutafuta mwingine. Aliyeruka ni Mama Komersa.

"Presida, mwenye kuuzisha nyama hawezi kusifu samaki!"

"Ikala, Mama. Tumusikilize."

Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na darasa zima lilikuwa linasubiri avutie. Hata Mama Komersa alikuwa amekwisha kuandaa jibu lake la wivu, lilionekana mdomoni. Mimi nilikuwa nimetulia. Neno moja tu lilitakiwa. "Mubaya" ingetosha, nasi tungerudi nyumbani na sare zetu.

Mama aliichukua shati. Aliigeuza nje ndani, akaishika begani, akaivuta. Akapita na kidole kwapani, mahali ambapo mafundi wavivu hujificha. Akatazama tundu za vifungo, moja baada ya nyingine. Mwisho alirudi kwenye mkono wa kushoto akakaa nao. Nje pikipiki ilipita ikipiga honi.

"Mushono iko muzuri," akasema. "Mutu alishona iyi anayua kazi."

Nilisimama nikasema, "Mama, kitambaa! Uwaambie ya kitambaa!" Akanigeukia kwa upole.

"Kitambaa iko nyepesi, eyo. Lakini baniuliza mushono."

Basi. Komite ilichagua shati za kiwandani, na ilichagua haraka, kwa moyo mweupe, kwa sababu Mama Monitrisi mwenyewe amesema. Baadhi ya wazazi walikuja kumshika mkono na kumshukuru. Mama Komersa alibaki ameketi, jibu lake la wivu halina pa kwenda.

Tulirudi kwa miguu kwa njia ya stesheni. Nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba nilisahau adabu.

"Mama, ungenyamaza tu! Weye unadanganyaka bantu kila siku. Kuya kesho, kuya kesho. Lelo njo ulishindwa?"

"Kesho haiko ya mutu," akasema. "Kesho haina mwenyewe. Ile shati iko na mwenyewe."

Tulitembea kidogo. Kisha akasimama kabla ya kuvuka reli.

"Weye unanionyeshaka ule mwanamuke wa foulard, unamulilia. Unaandika juu yake. Lelo kazi yake ilifika mu mikono yangu. Labda ni yake, labda ni ya mwenzake. Bamemunyima yote kule, hata kuona shati. Na minyi nimunyime neno moya? Nimutukane, ju nipate chakula?"

Nilitangulia kuvuka reli. Nimelifikiria jambo hilo kwa miaka na bado sikubali. Yule mwanamke wa mbali hakusikia sifa zake, na hazikumwongezea hata kijiko cha unga. Wasichana wetu walikuwa hapa, na walisikia vizuri sana. Fwaye ilijikokota miezi michache, kisha kanisa likakodisha chumba kwa watu wa saruji. Msichana mmoja alirudi Mulongo kwa wajomba zake, akaushe samaki. Mwingine anauza vocha za simu karibu na posta. Waliokuwa nusu ya koti lao la kufumua hawakulirudisha kamwe. Mama alipewa cherehani yake aliyoizoea, ya chuma, kama zawadi ya kumaliza kazi, na mchungaji akaomba sala nzuri.

Watu hupenda hadithi ambapo shati za kiwandani zinapasuka baada ya mwezi mmoja na wazazi wanarudi wakilia. Hazikupasuka. Mshono ulikuwa mzuri, kama alivyosema. Watoto walitoka jasho, kama nilivyosema mimi, na waliendelea kutoka jasho mpaka shati zikarithiwa na wadogo zao. Kikao kile nilikiandika kilivyokuwa, katika sura ya mwisho. Mwalimu wangu alisema kinaharibu hoja yangu. Nikamwambia ndiyo, kinaiharibu.

Nilipata kazi ya kufundisha ushonaji Bukama, nikakaa huko bila kumwona. Niliporudi Kamina kwa mazishi ya shangazi, niliingia soko kubwa kununua kitambaa cheusi, na huko nikamkuta. Alikuwa ameketi kwenye kiti kifupi ndani ya kibanda cha nguo mpya, nyuma ya cherehani ileile ya chuma. Nilianzia kwa macho yake, yaliyokuwa tayari kwenye bega langu.

"Wakomapo, Mama."

"Eyo, wakomapo. Nani alikushonea iyi? Banafupisha mugongo."

Kibanda kilikuwa cha Mama Komersa. Mwenyewe alikuwa amesimama mbele, ameongezeka mwili, akipanga suruali za jinzi. Mama alinieleza bila aibu wala uchungu, akitia uzi. Baada ya kikao kile, watu wa Kamina walikuwa hawanunui nguo kwa Mama Komersa bila kuuliza kwanza Monitrisi amesemaje. Walikuwa wanamfuata mpaka nyumbani na nguo mkononi. Mama Komersa ni mtu wa akili, akaona ni heri neno hilo likae kibandani kwake. Akampa kiti, kivuli na chakula cha mchana. Kazi yake ni kufupisha na kupanua, na mteja akiuliza, kusema.

"Na akiuliza ya nguo mubaya?"

"Mpaka lelo hawayauliza. Anachaguaka muzuri, ule." Akamtazama mwajiri wake mgongoni, kwa heshima. "Lakini tulisikilizana tangu mwanzo. Akasema: Mama, siku utaniharibia marchandise ya kuuzisha mbele ya kiliya mwenye kununua, unabeba mashini yako unaenda. Nikasema eyo. Iko haki yake."

Nilikaa naye. Nilimwambia habari za wanafunzi wangu wa Bukama, kwamba nawafumulisha makoti na wazazi wananishtaki. Alifurahi, akataka kujua wanatumia wembe wa aina gani. Aliuliza kama bado ninayo ile simu. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka na uzi ulimchukua muda, lakini nilipotaka kumsaidia alinipiga kidoleni.

Ndipo akaingia mama mmoja na binti yake. Binti alikuwa anaolewa Jumamosi. Walikuwa wametazama gauni moja kwa siku kadhaa, ilionekana hivyo, maana hawakutafuta, walinyoosha mkono moja kwa moja juu kabisa, pale ambapo Mama Komersa alikuwa ametundika nguo ya thamani kuliko zote za kibanda. Nyeupe, ya kung'aa, kiuno chembamba. Aliwashushia mwenyewe kwa fimbo. Binti alilikumbatia. Mama yake, mwanamke wa heshima mwenye kitambaa cha matanga ya zamani, alilichukua mikononi mwa binti, akaja nalo mpaka kwenye cherehani.

"Mama Monitrisi. Tunakuya kwako. Iyi robe ya mutoto, iko muzuri?"

Mama Komersa aliacha kupanga jinzi. Alisimama na suruali moja mkononi.

Mimi nililiona lile gauni tangu lilipowekwa kwenye mapaja yake. Nimefundishwa na yeye, siwezi kutoona. Mshono wa kiuno ulikuwa umevutwa mpaka kitambaa kikaanza kutoa nyuzi, na ndani hakukuwa na hata ukingo wa kukishikia. Bibi harusi angeketi mara ya kwanza, kingeachia. Mama naye alikuwa amekwisha kuona, mikono yake ilitulia ghafla. Nikamtazama yeye, nikatazama kiti chake, kivuli chake, sahani yake ya mchana iliyofunikwa. Na mimi niliyeandika kurasa nyingi juu ya ukweli katika biashara ya mavazi, nilitamani kwa moyo wangu wote adanganye. Nilikuwa nimemwomba hivyo zamani nikiwa kijana mwenye hasira. Sasa nilikuwa mtu mzima, na niliomba kwa hofu.

"Apa mu kiuno," akasema, "kitambaa imechoka. Akiikala tu, itapasuka. Na ndani hakuna pa kuongeza. Usimuvalishe mutoto ile siku yake, mama."

Binti alianza kulia. Mama yake alilikunja gauni taratibu, akaliweka juu ya jinzi, akasema wafwako, wakatoka. Mama Komersa alilitazama gauni, akamtazama Monitrisi. Hakupiga kelele. Nadhani alikuwa anatafuta neno na bado hajalipata.

Mama hakungoja lipatikane. Alivunja uzi, akauzungushia kwenye bobini yake. Akatia mkasi, wembe na utepe wa kupimia ndani ya kikapu, akaweka sahani yake ya mchana juu ya kiti cha mwenye kibanda, haijafunuliwa. Kisha akasimama, akaweka mkono mmoja chini ya meza ya cherehani, akanigeukia. Nilikuwa bado nimeketi, machozi yamenijaa, nikimwonea uchungu na fahari kwa pamoja.

"Weye," akasema, "utaandika tu, ao utashika upande ingine?"

Nikashika.